Namna ya kuandika historia ya mchezaji wa tenisi wa zamani: nilivyofanya kwa Angela Mortimer

Nina daftari la jalada gumu ambalo limekaa mezani kwangu miaka minne sasa. Ukurasa wa kwanza una jina moja tu: Angela Mortimer. Nilianza kumfuatilia kwa sababu isiyohusu raketi. Sikio langu la kushoto halisikii tangu nilipougua nikiwa na miaka sita, na siku moja nilisoma mahali kwamba bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1961 alikuwa na uziwi wa kiasi. Nikafurahi. Sentensi iliyofuata ikasema alishinda kwa sababu mpinzani wake aliteleza. Habari ikaishia hapo. Mwanamke kacheza zaidi ya miaka kumi, halafu kazi yake yote inafungiwa ndani ya utelezi wa mtu mwingine! Iliniuma, nikaamua kutafuta mwenyewe.

Ninayoeleza hapa ni njia niliyoipita, pamoja na makosa yaliyonirudisha nyuma. Utaweza kuifuata kwa mchezaji yeyote wa Uingereza wa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960: Christine Truman, Angela Buxton, Shirley Bloomer, Ann Haydon, Pat Ward, Anne Shilcock. Ni kizazi chenye utajiri mkubwa, na wengi wao wanatajwa kwa sentensi moja moja tu.

Anza na fainali, utoto utakuja baadaye

Mimi nilianza na utoto wake nikapoteza wiki mbili. Anza na fainali za mashindano makubwa manne: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Matokeo yake yamehifadhiwa vizuri na hayana ubishi. Andika mwaka, mashindano, mpinzani na matokeo ya kila seti. Kwa Mortimer nilianza na mistari sita:

1955, Ufaransa, alimfunga Dorothy Knode wa Marekani 2-6, 7-5, 10-8.
1955, Wimbledon, wawili wawili, yeye na Anne Shilcock waliwafunga Shirley Bloomer na Pat Ward 7-5, 6-1.
1956, Ufaransa, alifungwa na Althea Gibson wa Marekani 6-0, 12-10.
1958, Australia, alimfunga Lorraine Coghlan 6-3, 6-4.
1958, Wimbledon, alifungwa na Gibson 8-6, 6-2.
1961, Wimbledon, alimfunga Christine Truman 4-6, 6-4, 7-5.

Acha nafasi kubwa kati ya mstari na mstari. Kisha uitazame orodha bila kuongeza neno. Kwangu mimi jambo la kwanza kuonekana lilikuwa pengo: mwaka 1957 haupo. Pengo kama hilo ni swali, na swali hilo ndilo lililonifungulia mlango. Mortimer aliugua kuhara damu kwa amiba, maradhi yaliyomnyong'onyeza kabisa, na safari ya Australia iliyomletea ubingwa wa 1958 ilikuwa pia safari ya kurudisha nguvu. Ukijua hivyo, ule ushindi wa seti mbili kule Sydney unausoma kwa macho mengine. Na miezi michache baadaye yuko kwenye fainali ya Wimbledon, tena hakuwamo miongoni mwa waliopangiwa nafasi za juu kabla ya mashindano kuanza.

Utoto uingize sasa, kwa ufupi. Alizaliwa Plymouth, Devon, mwaka 1932. Aliishika raketi kwa bidii akiwa na miaka kama 15, umri ambao wengine wameshakuwa mabingwa wa vijana. Kocha wake alikuwa Arthur Roberts, aliyefundisha kwenye viwanja vya Hoteli ya Palace mjini Torquay. Roberts huyohuyo ndiye aliyekuja kumlea Sue Barker, bingwa wa Ufaransa wa 1976. Mimi kocha nampa ukurasa wake peke yake, kwa sababu Mortimer hakuwa na kipigo cha kutisha. Alikuwa na subira ya mstari wa nyuma, miguu isiyochoka na akili iliyotulia, na vitu hivyo mtu hufundishwa.

Majina yatakupoteza usipojihadhari

Hili ndilo lililonitesa kuliko yote. Katika orodha rasmi za miaka ile mwanamke akiolewa jina lake linafutika kabisa. Halibaki hata jina lake la kwanza: zinawekwa herufi za mume na ukoo wa mume. Ann Haydon alipoolewa mwaka 1962 akawa kwenye ubao wa Wimbledon Bibi P. F. Jones, herufi za mumewe, Philip. Bingwa wa 1969 aliandikwa hivyo, na aliyefungwa naye siku ile kwa 3-6, 6-3, 6-2 ni Bibi L. W. King, yaani Billie Jean King. Mtu asiyejua anaweza kumtafuta Haydon baada ya 1962 akadhani ameacha kucheza, kumbe hakuwa hata ametwaa taji lake kubwa kuliko yote, la Wimbledon.

Dawa yake ni ukurasa wa majina, uutengeneze kabla hujagusa gazeti lolote. Upande wa kushoto weka jina la kuzaliwa, upande wa kulia jina la ndoa na mwaka. Bloomer aliolewa na Chris Brasher, bingwa wa Olimpiki wa 1956 wa mbio za kuruka viunzi na maji, mwaka 1959. Truman akawa Janes mwaka 1967. Mortimer akawa Barrett mwaka huohuo, alipoolewa na John Barrett, mchezaji aliyekuja kujulikana zaidi kama mtangazaji wa tenisi. Knode wa fainali ya 1955 alikuwa Dorothy Head kabla ya ndoa, na mimi nilimwandika mara mbili kama watu wawili kwa miezi mitatu mizima.

Vilevile kuna akina Angela wawili. Mortimer na Buxton walicheza miaka ileile, na herufi A. ya mwanzo ni ileile. Ukikuta Angela kwenye fainali ya Wimbledon ya 1956, huyo ni Buxton, aliyefungwa na Shirley Fry 6-3, 6-1.

Soma matokeo gemu kwa gemu

Watu wengi huishia kwenye aliyeshinda na aliyeshindwa. Tafadhali usifanye hivyo, maana zama hizo hapakuwa na gemu la kukata mzizi wa fitina (tie-break) seti ikifika 6-6. Wimbledon ilianza kutumia gemu hilo mwaka 1971, mwanzoni kwa seti iliyofika 8-8. Kabla ya hapo seti iliendelea hadi mmoja amwache mwenzake kwa gemu mbili, hata kama giza linaingia.

Chukua fainali ya Ufaransa ya 1956. Kwa maneno matupu Mortimer alifungwa seti mbili kwa sifuri na Gibson, tena ya kwanza hakupata hata gemu moja. Mtu atasema alipigwa kirahisi. Sasa hesabu. Seti ya kwanza gemu 6, ya pili gemu 22. Mtu aliyefungwa 6-0, asiye na pa kujificha, akasimama akamshikilia Gibson, mchezaji mwenye nguvu kuliko wote wa miaka ile, mpaka 10-10. Mimi naiona seti ile ya pili kuwa miongoni mwa mambo makubwa aliyofanya uwanjani, ingawa haikumpa kombe. Iliniambia juu ya tabia yake kuliko ushindi wa mwaka uliotangulia.

Ushindi wa mwaka huo uliotangulia nao una mafunzo: 2-6, 7-5, 10-8, jumla gemu 38 kwenye udongo, ambako mpira unapungua kasi na mabishano yanarefuka. Nimeweka alama nyekundu kila mahali alipopoteza seti ya kwanza na bado akashinda. Fainali mbili kubwa kati ya tatu alizoshinda peke yake zina alama hiyo. Ukiona mchoro kama huo unajirudia, umeshapata cha kuandika.

Njia yangu ya kuhesabu ni rahisi. Kwa kila mechi naandika jumla ya gemu za kila upande, kisha naandika gemu za baada ya tukio lolote linalosemwa kuwa lilibadilisha mambo. Nitarudi kwenye hili.

Uwanja wa aina gani?

Mashindano matatu kati ya yale manne yalichezwa kwenye nyasi, na Ufaransa peke yake kwenye udongo mwekundu. Andika herufi N au U pembeni ya kila mechi. Mtu anayeshinda kote kote ni nadra, na Mortimer alishinda kote kote.

Mtego uko Uingereza kwenyewe. Waingereza walikuwa na mashindano yao ya Bournemouth yaliyoitwa ya viwanja vigumu. Leo ukisikia kiwanja kigumu unafikiria saruji au lami iliyopakwa rangi. Kwao wakati ule neno hilo lilimaanisha udongo, kwa kuupambanua na nyasi. Nilimwandikia Mortimer herufi ya saruji kwa msimu mzima, nikashindwa kuelewa kwa nini Waingereza walifanya vizuri Paris. Nilipolirekebisha, picha ikakaa sawa: walikuwa na udongo nyumbani. Bingwa wa wanawake wa Ufaransa alikuwa Mwingereza mwaka 1955 kwa Mortimer, 1957 kwa Bloomer, 1959 kwa Truman akiwa na miaka 18, na 1961 kwa Haydon. Mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Nilipouona mfululizo huo kwenye daftari langu nilisimama nikazunguka meza.

Nani hayupo

Ukipata droo nzima ya mashindano, yaani orodha ya nani alipangwa kucheza na nani, usitazame waliomo tu. Wimbledon ya 1961 Maria Bueno wa Brazili, bingwa wa 1959 na 1960, hakuwepo kwa sababu alikuwa mgonjwa Paris, na Darlene Hard wa Marekani alibaki huko kumwuguza. Hilo liandike wazi, hata kama unampenda mchezaji wako. Mimi mwanzoni nilitaka kulificha.

Lakini andika na waliokuwepo. Aliyepangiwa nafasi ya kwanza alikuwa Sandra Reynolds wa Afrika Kusini, na Mortimer, aliyepangiwa ya 7, alimtoa kwenye nusu fainali 11-9, 6-3. Truman, wa 6, alimtoa Margaret Smith, Mwaustralia aliyekuja kuzoa mataji kuliko mwanamke yeyote, 3-6, 6-3, 9-7. Kwa hiyo fainali ya Waingereza wawili, ya kwanza tangu Dorothea Lambert Chambers alipomfunga Ethel Larcombe mwaka 1914, haikuokotwa njiani.

Katika droo utakuta pia herufi w.o. Hizo ni ushindi wa mezani, mpinzani hakutokea. Usizihesabu kama mechi.

Magazeti na filamu

Hazina kubwa ni magazeti ya zamani yaliyowekwa kwenye mtandao. Ya Uingereza yako kwenye hifadhi kubwa ya kulipia, British Newspaper Archive, na ushauri wangu ni uandae maswali yako yote kwanza, ulipie mwezi mmoja tu, ufanye kazi kila usiku. Ya Australia yako bure kwenye Trove, tovuti ya maktaba ya taifa ya huko. Mengi yanaishia 1954, ila The Canberra Times linaendelea mbele, na linafaa sana kwa Januari ya 1958. Ufaransa wana Gallica, ya maktaba yao ya taifa. Na ukifanikiwa kufika London, makumbusho ya klabu ya Wimbledon ina maktaba yake ya tenisi, inayopokea watafiti kwa miadi.

Jambo dogo litakalokuokolea saa nyingi: fainali ya wanawake ya Wimbledon ilichezwa Jumamosi, na magazeti ya kila siku ya asubuhi hayakutoka Jumapili. Tafuta taarifa kwenye magazeti ya Jumapili, halafu rudi kwenye ya Jumatatu. Mimi nilitafuta tarehe ya Jumapili kwenye magazeti ya kila siku, nikaamua kwamba hayakuandika kitu.

Soma taarifa mbili za mechi moja, kila mara. Mwandishi mmoja ataandika kuhusu gauni, mwingine kuhusu kipigo cha kurudisha mpira. Nukuu vitendo: nani alianzisha, wapi mpira ulianguka, gemu ya ngapi. Maneno kama jasiri, mrembo, mpenzi wa watu, yaache kwenye gazeti. Truman alikuwa kipenzi cha Uingereza nzima, kijana mrefu wa miaka 20 mwenye tabasamu, na mapenzi hayo yamejaa katika kila aya ya siku ile. Ukiyanakili hujui umeshachukua upande.

Filamu fupi za habari, kwa mfano za British Pathé, zipo na unaweza kuzitazama. Zima sauti. Mimi nilizima kwa sababu yangu, lakini nakusihi wewe unayesikia vizuri uzime pia. Mtangazaji anakuambia cha kuona. Bila yeye utaona miguu: jinsi Mortimer anavyorudi katikati ya mstari baada ya kila pigo, bila haraka. Kumbuka tu kwamba filamu ya dakika mbili imechaguliwa na mkataji, na pointi inayofuata katika filamu si lazima iwe pointi iliyofuata uwanjani.

Fedha na daraja

Hawa walikuwa wachezaji wa ridhaa. Hakuna zawadi ya fedha katika mistari ile sita, hata moja. Tenisi ya wazi, ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa pamoja, ilianza Aprili 1968 hukohuko Bournemouth, na Virginia Wade aliyeshinda upande wa wanawake aliiacha zawadi ya pauni 300 kwa sababu alikuwa bado wa ridhaa. Wimbledon ya mwaka huo ilimpa bingwa wa wanaume pauni 2,000 na wa wanawake 750. Ukiandika kwamba Mortimer alipata kiasi fulani kwa ushindi wake, umekosea tangu mwanzo.

Daraja la dunia nalo halikutoka kwenye kompyuta. Lilitolewa na waandishi, hasa Lance Tingay wa Daily Telegraph, aliyepanga kumi bora kila mwaka. Alimweka Mortimer namba 1 kwa 1961. Taja jina la aliyepanga.

Usisahau mechi za timu. Kombe la Wightman lilikuwa la wanawake wa Uingereza na Marekani, mechi saba, na Marekani ilikuwa ikishinda tangu 1931 mpaka Uingereza ilipoivunja minyororo mwaka 1958 kwa 4-3, siku ambazo Truman wa miaka 17 alimfunga Gibson. Mortimer baadaye alikuwa nahodha wa timu hiyo. Haya hayaonekani kwenye orodha za fainali.

Mwisho wa kila mchezaji una sababu

Usiandike "alistaafu" ukapita. Angela Buxton alitwaa Wimbledon ya wawili wawili mwaka 1956 pamoja na Althea Gibson, Myahudi wa Liverpool na Mmarekani mweusi ambao wengine hawakukimbilia kucheza nao. Muda mfupi baadaye kifundo cha mkono kikamharibikia, na kazi ikakatika akiwa na miaka ishirini na michache. Mpaka uzeeni alisema kwamba klabu ya Wimbledon haikumpa uanachama, na kwamba sababu ilikuwa Uyahudi wake. Hayo ni maneno yake, yaandike kama maneno yake. Na miaka ya 1990, Gibson alipokuwa mgonjwa na hana kitu, Buxton ndiye aliyemchangishia fedha. Mimi naliweka hilo ndani ya historia ya uchezaji wake, maana lilianzia uwanjani.

Jinsi nilivyoiandika fainali ya 1961

Sasa turudi kwenye utelezi. Truman alikuwa anaongoza 6-4, 4-3, uwanja umelowa kwa mvua, akaanguka. Hilo ni kweli na ni lazima liwemo. Hesabu inasema hivi: mpaka pale Truman alikuwa na gemu 10, Mortimer 7. Kuanzia pale Mortimer alichukua gemu 10, Truman 5. Mtu atasema, umeona, anguko ndilo lililoamua.

Nilikaa na namba hizo siku nyingi. Kisha nikazigawa tena. Mortimer alichukua gemu tatu mfululizo baada ya anguko akaimaliza seti ya pili. Hapo ndipo Truman alipotikisika. Lakini seti ya tatu ilikwenda mpaka 5-5. Asiyeweza tena kucheza hafiki tano kwa tano na mchezaji asiyekosea ovyo kama Mortimer. Truman alikuwa amerudi mchezoni, na Mortimer, mwenye miaka 29, alimshinda gemu mbili za mwisho akiwa amesimama wima. Na tayari alikuwa ameshafika hapo kabla: 7-5 na 10-8 za Paris, miaka sita nyuma.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika hivi, kwa wino, baada ya kufuta penseli mara nyingi:

"Julai 1961, Wimbledon, nyasi zilizolowa. A. Mortimer kwa C. Truman 4-6, 6-4, 7-5. Gemu 17 kwa 15. Alipoteza seti ya kwanza, kama Paris 1955. Truman alianguka akiwa mbele 4-3 katika seti ya pili. Katika seti ya tatu walikuwa 5-5. Mortimer alichukua mbili zilizobaki."